Deni la Msitu Lisiandikwe kwa Mama wa Kasanda

Kuna kauli imezoeleka katika mikutano ya hadhara ya nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Kakonko hadi Kasulu, kwamba vita dhidi ya mabadiliko ya tabianchi vinaanza na mtu mmoja mmoja. Kila mwananchi apande mti. Kila mama atumie jiko banifu. Kila kijana aache kuchoma mkaa. Tukifanya hivyo, tunaambiwa, mvua zitarudi kwenye majira yake. Afisa anaisema, mhubiri anaisema, mfadhili anaichapisha kwenye fulana, na kila tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, inasomwa kwenye hotuba kana kwamba haijawahi kuulizwa swali. Nataka kuiuliza maswali, kwa sababu nimeona inavyowaacha wanakijiji: wameinamisha macho, wakikubali kosa ambalo si lao.

Sisemi kupanda mti ni kazi bure. Nasema kauli hiyo inadanganya kuhusu nani aliumaliza msitu, inamtwika mzigo mtu asiye na uwezo wa kuubeba, na inamwondolea lawama yule mwenye sheria, bajeti na ramani mkononi.

Tuchukue Kasanda. Ni kata ya Wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, karibu na mpaka wa Burundi. Watu wake wengi ni Waha. Wanalima maharage, mihogo, mahindi na migomba, na mvua zao huanza Oktoba zikaisha Mei. Mama wa Kasanda anayehutubiwa kuhusu tabianchi hana gari, hajapanda ndege, nyama anaila kwa nadra, na nguo zake nyingi ni mitumba iliyokwisha kuvaliwa na mtu wa nchi nyingine. Bara zima la Afrika, lenye karibu moja ya tano ya watu wote wa dunia, halifikishi asilimia 4 ya hewa ukaa inayotoka kwenye viwanda, magari na mitambo ya umeme ya dunia hii. Ukimfundisha mama huyu kupunguza uchafuzi wake, apunguze nini? Kilichobaki cha kumlaumu ni kuni. Basi tuzungumze juu ya kuni, maana hapo ndipo wanaomlaumu wanapoamini wana ushahidi.

Kuni za Kasanda zina historia, na historia hiyo iko kwenye mafaili ya serikali. Zamani Waha hawakuishi kwenye vijiji vya nyumba zilizopangwa mstari. Kaya zilitawanyika vilimani, kila ukoo na migomba yake, na aliyetaka kuni aliokota matawi makavu jirani na shamba lake. Kuanzia mwaka 1933 utawala wa Mwingereza ulianza kuwahamisha watu wa Buha, nchi ya Waha, na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Nia ilikuwa kuwatenga na mbung'o wanaoueneza. Njia ilikuwa amri. Baada ya uhuru ikaja amri nyingine. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwatoa watu kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwaweka kwenye vijiji vya ujamaa, kabla nchi nzima haijaingizwa kwenye Operesheni Vijijini. Sina nia ya kuihukumu siasa yote ya ujamaa hapa. Wapo waliosomea kwenye shule za vijiji hivyo na wanaoshukuru hadi leo. Ninachosema ni kimoja. Ukikusanya mamia ya kaya mahali pamoja bila kuzipatia nishati nyingine, kuni za karibu zinaisha kwanza, kisha za mbele yake, na duara linapanuka mwaka hadi mwaka. Mama anayetumia nusu siku kufuata mzigo wa kuni hakuuchagua umbali huo. Ulipangwa na watu waliokuwa na ramani.

Kisha zikaja kambi. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya Warundi wakavuka mipaka. Kibondo ya wakati ule, ambayo ilikuwa bado na Kakonko ndani yake, ikajaa kambi: Mtendeli, Kanembwa, Nduta, Karago, Mkugwa. Kasulu ikapata Mtabila na Muyovosi, na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Moja baada ya nyingine kambi za Warundi zilifungwa, Mtabila ikiwa ya mwisho mwaka 2012. Ardhi haijapumua vizuri, Aprili 2015 Burundi ikawaka tena baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa kuwania muhula wa tatu. Nyarugusu ikafurika ikapita watu 150,000. Nduta ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo, na Mtendeli, jirani na Kasanda, Januari 2016.

Mrundi aliyekimbia risasi simlaumu kwa kuni alizookota, na mtu asimlaumu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka aishi ndani ya eneo lililotengwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilimpa unga, jamii ya kunde na mafuta, na vyote hivyo vinadai moto. Aliyepima gramu za maharage kwa kila kichwa alijua kwamba maharage makavu hayaliwi bila kuchemshwa kwa saa mbili, tatu. Na bado, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, moto wenyewe uliachiwa msitu. Weka kadirio dogo kabisa, kilo moja ya kuni kwa mtu kwa siku. Kambi ya watu 50,000 inateketeza tani 50 kila siku, zaidi ya tani 18,000 kwa mwaka. Jiko banifu la mama wa Kasanda, hata likiwa zuri kiasi gani, haliwezi kuziba pengo hilo. Wanawake wa kambini walilipa kwa miili yao: kushambuliwa na kubakwa walipokwenda kutafuta kuni kumo kwenye ripoti za haki za binadamu kwa miongo kadhaa. Wanakijiji waliokutana nao porini waligombana nao, maskini kwa maskini, juu ya kitu ambacho kilipaswa kupangwa na wale waliosaini hati za kufungua kambi.

Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, na wakimbizi wake wakahamishiwa Nduta. Mashirika yalipanda miche ndani na nje ya kambi, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini mche uliopandwa na mradi unaoisha si sawa na msitu wa miombo uliokuwepo, na mradi ukiisha, anayebaki na ardhi iliyochoka ni mwanakijiji. Huyo huyo ndiye anayeitwa mkutanoni kuambiwa kwamba uharibifu wa mazingira ni tabia, na tabia inabadilika.

Niongeze jambo ambalo watu wengi wa huku hawakuelezwa vizuri. Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa kwenye Mpango wa Kimataifa wa Kushughulikia Wakimbizi, uliokuwa na lengo la kuzisaidia pia jamii zinazowapokea. Sababu zilizotolewa zilikuwa na uzito: usalama, na fedha ambazo sehemu yake ingekuja kama mkopo wa kuhudumia watu ambao si raia wetu. Mtu anaweza kukubaliana na uamuzi huo au kuupinga. Hawezi kusema ulifanywa Kasanda. Hakuna kaya iliyoulizwa kama iko tayari kuubeba mzigo wa kambi bila fidia. Uamuzi ulipita juu ya vichwa vyao, na matokeo yake yakawaangukia mabegani.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992 uliweka kanuni kwamba wajibu ni wa wote, ila uzito wake haulingani: aliyechafua zaidi na mwenye uwezo zaidi atangulie. Tanzania inaitetea kanuni hiyo kwenye kila mkutano wa tabianchi, na ina haki ya kuitetea. Tunasema hatukuyasababisha haya, tuna watu wa kuwalisha, mliosababisha toeni fedha. Mwaka 2009 kule Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zikachelewa miaka miwili, tukalalamika, na tulikuwa sahihi. Mwaka 2022 kule Sharm el-Sheikh nchi maskini zilidai mfuko wa hasara na uharibifu hadi ukakubaliwa. Sijawahi kusikia mjumbe wetu akisimama Dubai au Baku akawaambia Wazungu na Wachina kwamba tatizo litakwisha kila Mtanzania akipanda mti wake.

Lakini kanuni hiyo inaishia uwanja wa ndege. Ikifika kwetu inageuka: wajibu ni wa wote, na uzito ni sawa. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye magari matatu na kiyoyozi kila chumba, na mama wa Kasanda mwenye mafiga matatu, wote wanaambiwa kila mmoja kwa nafasi yake. Wizara yenye mabilioni na kaya isiyo na mshahara zinaitwa wadau, jina moja, kana kwamba zimeketi kwenye kiti kimoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, na ni rahisi sana kuugawa mzigo huo ukiwa huubebi. Mimi nasema kama kanuni ya 1992 ni ya haki kati ya Washington na Dodoma, ni ya haki vilevile kati ya Dodoma na Kasanda. Hatuwezi kuidai nje na kuizika ndani.

Wala wazo la kumpima kila mtu uchafuzi wake halikutoka kwa mkulima. Mwanzoni mwa karne hii kampuni ya mafuta ya BP ndiyo iliyolieneza duniani, kwa matangazo na kwa kikokotoo cha mwaka 2004 kilichomwezesha mtu kuhesabu kaboni ya maisha yake: amekula nini, amesafiri vipi, amewasha taa ngapi. Kampuni ichimbayo mafuta ikamgeuza mnunuzi kuwa mshtakiwa. Inasikitisha kwamba hoja iliyobuniwa kumkinga mwenye visima vya mafuta imesafiri hadi kwenye vilima vya Buha, kwa watu ambao wengi wao mafuta wanayoyajua ni ya taa na ya bodaboda.

Tazama jinsi kauli hii inavyofanya kazi ikigeuzwa kuwa mpango. Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Lengo likiwa ni idadi ya miche iliyotiwa ardhini, mche unahesabiwa siku ya kupandwa. Kiangazi kikiukausha, hakuna daftari linaloandika. Na Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Kwa sehemu zenye masika ya kuanzia Machi tarehe hiyo ina mantiki. Lakini Kasanda, mche wa Aprili unapata wiki chache za mvua, kisha unakabidhiwa Juni, Julai, Agosti na Septemba bila tone, ukiwa na mizizi isiyozidi urefu wa kidole, mbuzi wakiwa huru na moto wa nyasi ukipita. Mkulima wa huko anayetaka mahindi hapandi Aprili. Angeulizwa, angesema panda Novemba. Mche ukifa, lawama inarudi kwake: wananchi hawatunzi miti.

Tuje kwenye jiko. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Naupokea mkakati huo kwa moyo mweupe, kwa sababu ndani yake serikali imekiri kitu ambacho hotuba za vijijini hazikikiri: kwamba watu wanapikia kuni kwa sababu hawajapewa njia nyingine wanayoimudu. Agizo la kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa lilikuwa na akili hiyo hiyo. Shule moja ya bweni inakula kuni za kaya nyingi sana, na mkuu wa shule anaweza kuagizwa na kuwezeshwa. Lakini tazama kinachomfikia mama wa Kasanda. Mtungi wa gesi wa kilo sita unauzwa kwa ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Mtungi ukiisha, kuujaza upya ni mfukoni mwake, na gesi hiyo imesafirishwa kutoka pwani, upande wa pili wa nchi. Anarudi porini, mtungi unabaki pambo la nyumba.

Umeme je? Kwa miaka mingi miji ya Kibondo na Kasulu iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, hadi gridi ya Taifa ilipofika mwaka 2022. Ngoja nisimame hapa kidogo, maana jambo hili lilipita bila watu kulitafakari. Siku majenereta yale yalipozimwa, moshi mwingi uliondoka angani kwa uamuzi mmoja, nguzo na nyaya, bila mwananchi hata mmoja kuhutubiwa abadili tabia. Vivyo hivyo Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Vivyo hivyo mradi wa Malagarasi wa megawati 49.5, uliopangwa kwenye mto wetu wenyewe. Hizi ni kazi za serikali, na zikifanyika hakuna anayesema angefanya mtu mmoja mmoja.

Ila nguzo kupita mbele ya nyumba hakupiki ugali. Kwa bei zilizowekwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, mteja mdogo wa majumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, kwa uniti 75 za mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku. Jiko la kawaida la umeme la wati 1,000 likichemsha maharage kwa saa mbili na nusu limeimaliza posho ya siku nzima, kabla ya taa, kabla ya simu, kabla ya ugali wenyewe. Mama akitii mwito wa kuacha kuni, bei inamwadhibu. Jiko la umeme la presha linatumia umeme pungufu, ni kweli, na ni ghali kulinunua. Kwa hiyo ukimkuta amerudi kwenye mafiga, usimwambie habari za tabia. Waambie waliopanga bei.

Watetezi wa kauli ile wana hoja tatu, na nitazijibu kwa sababu zinasemwa na watu wenye nia njema.

Ya kwanza ni kwamba bila mtu mmoja mmoja kubadilika, hakuna linalobadilika. Nitajibu kwa mifuko ya plastiki. Kwa miaka tuliombwa tuikatae. Tulielimishwa, tukachorewa mabango ya ng'ombe waliomeza mifuko, tukaambiwa tubebe vikapu kama bibi zetu. Mifuko ikazidi kuongezeka, ikanasa kwenye miiba ya kila kichaka. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ikaipiga marufuku: kuitengeneza, kuiingiza nchini, kuiuza, kuitumia, faini juu yake. Ndani ya muda mfupi masoko ya Kakonko yalikuwa yanafungia bidhaa kwenye mifuko mbadala. Ni watu wale wale, wenye maadili yale yale waliyokuwa nayo Mei. Kenya ilifanya hivyo Agosti 2017, Zanzibar ilitangulia zamani. Tulibadilika, ndiyo, kila mmoja wetu, lakini tulibadilika baada ya mwenye mamlaka kufunga bomba badala ya kutuomba tukaushe sakafu.

Ya pili ni Shinyanga. Naipenda hoja hii kuliko zote, kwa sababu ni ya kweli na inaeleweka vibaya. Wasukuma wana desturi ya ngitili, kutenga malisho na vichaka vipumzike ili mifugo ipate chakula kiangazi. Mwaka 1986 zilizojulikana kuwepo Shinyanga zilikuwa takriban hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, kwenye vijiji zaidi ya 800. Watu wanasema: mmeona, wananchi waliamua! Waliamua, ndiyo. Lakini kwa nini ngitili zilikuwa zimepungua hivyo? Kwa sehemu kubwa kwa sababu kuhamishiwa vijijini kuliwatenga watu na ardhi waliyokuwa wakiitunza, na kwa sababu misitu mingi ilikuwa imefyekwa kwa amri tangu enzi za mkoloni ili kuua mbung'o. Na kwa nini zilirudi? Kwa sababu serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ikauweka chini ya wizara, ikaleta wataalamu, ikapokea fedha za Norway, ikauendesha karibu miaka 20, na ikakubali kwamba kaya na kijiji vinaweza kumiliki ngitili na kula matunda yake. Msukuma alikuwa na maarifa yote hayo tangu babu zake. Alichokosa ni haki ya ardhi na mkono wa serikali unaodumu kuliko hotuba. Shinyanga inanipa ushahidi mimi.

Muha naye ana maarifa yake. Ana mizinga kwenye miombo, anajua mti upi unavuta nyuki na upi haufai kukatwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuulinda, na kukusanya mapato yake. Tumeona jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vyenye mipango ya matumizi ya ardhi vikilipwa fedha za kaboni kwa kuulinda msitu wao. Hilo halianzi na mama na mche wake mmoja. Linaanza na mpimaji wa ardhi aliyelipwa, mpaka uliochorwa, cheti kilichotolewa, na askari wa msitu wa kijiji mwenye posho.

Hoja ya tatu ni kwamba serikali haina fedha, na tena serikali ni sisi. Kama serikali ni sisi, basi ni sisi tunaolipa ushuru wa mazao ya misitu kwenye kila kizuizi cha barabarani, na ni haki yetu kuuliza ushuru wa mkaa na magogo unarudisha miti mingapi kule ulikotoka. Kama serikali haina fedha, kaya ya Kasanda inazo? Mkulima wa tumbaku katika wilaya hizi anaambiwa kila mara asikate kuni za mabani ya kukaushia, wakati zao hilo linalimwa kwa mikataba, chini ya bodi ya serikali, kwa kampuni zinazojulikana anuani zake. Ni rahisi zaidi kuiagiza kampuni ipande na kuilipia miti yake ya kukaushia kabla ya kupewa kibali cha kununua hata kilo moja, kuliko kumfukuza mkulima msituni.

Wapo pia wanaonisomea Katiba. Ibara ya 27 inamtaka kila mtu kulinda maliasili ya nchi. Ni kweli, na ninaiheshimu. Wasome na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Haki ina mdaiwa wake. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwenye maoni yake ya kisheria kuhusu tabianchi, ilisema wazi kwamba dola zina wajibu wa kulinda mfumo wa tabianchi, ukiwemo wajibu wa kuzidhibiti kampuni binafsi. Kwa nchi kama yetu maoni hayo yana pande mbili: yanatupa nguvu ya kuwadai wakubwa, na yanawapa wananchi wetu nguvu ya kutudai sisi.

Kuna wanaoogopa kwamba maneno haya yatawafanya watu wakae wakisubiri serikali. Hawawajui watu wa Kasanda. Hawa wamelima kwenye mteremko bila trekta, wamepokea wageni waliokimbia vita mara mbili ndani ya kizazi kimoja, wamegawana nao visima, na hawakusubiri mtu. Anayewaambia wafanye bidii zaidi hajawahi kuamka nao alfajiri. Kinachowachosha ni kupanda mche kwenye ardhi ambayo kesho inaweza kutolewa kwa mwingine, ndani ya mpaka usiojulikana, kwa tarehe iliyochaguliwa mbali.

Kwa hiyo madai yangu nayaelekeza panapostahili. EWURA na wizara watenge bei ya umeme wa kupikia ambayo haimwadhibu anayeacha kuni. Ruzuku ya gesi ihamie kwenye kujaza mtungi, angalau kwa mikoa iliyo mbali na bandari. Halmashauri za Kakonko, Kibondo na Kasulu zipange upandaji wake Novemba, na zitangaze kila mwaka miti iliyo hai baada ya kiangazi cha tatu. Idadi ya iliyopandwa ibaki kwenye stakabadhi za miche. Vijiji vinavyopakana na maeneo ya kambi vipimiwe misitu yao kwanza kabla ya vingine vyote, kwa fedha ya Serikali Kuu.

Na Nduta. Warundi wanaendelea kurejeshwa kwao, na kambi hiyo nayo itafungwa kama zilivyofungwa nyingine. Safari hii isifungwe kama Mtendeli. Kabla ya kufungwa, Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi waandike mkataba wa kuirudisha ardhi: hekta ngapi, aina gani ya miti, nani analipa, kwa miaka mingapi, na nani atashtakiwa isipofanyika. Mtendeli iingizwe humo pia, hata kama imechelewa. Madiwani waudai mkataba huo kwenye baraza, na nakala yake ibandikwe kwenye ofisi ya mtendaji wa kata ya Kasanda kabla lori la mwisho halijaondoka Nduta.